Soksi ya umeme haiinui mguu, au inachoma: anza kutafuta tatizo hapa

Mtu akivaa soksi ya umeme na mguu ukabaki umelala, kidole hukimbilia kitufe cha kuongeza. Naomba kidole hicho kisubiri. Nafanya fiziotherapia hapa Jinja, Uganda, na ngozi nyingi nilizozikuta zimeungua chini ya nguo hizi ziliungua kwa njia moja: umeme haukuwa ukipita vizuri, mwenyewe akaongeza, akaongeza tena, mwishowe wote ukapenya kwenye sehemu ndogo kama ukucha.

Ninazozungumzia ni soksi ndefu, mikono ya nguo na vibana goti vilivyofumwa kwa nyuzi za nailoni zilizopakwa madini ya fedha. Ndani kuna viraka vinavyogusa ngozi. Njia nyembamba za uzi huohuo hupeleka umeme kwenye viraka kutoka kwenye kisanduku kidogo kinachobanwa kwa vifungo vya chuma. Kisanduku hutuma mapigo mafupi mno, kila pigo mikrosekunde 200 hadi 400, mara 20 hadi 50 kwa sekunde, na msuli hukaza. Mwaka 1961 Liberson na wenzake huko Marekani walifunga swichi chini ya kisigino ili mguu wa mtu aliyepata kiharusi uinuke anapotembea, na kanuni ni ileile hadi leo. Tofauti ni kwamba siku hizi waya umekuwa nguo, na nguo ina maradhi yake: inalowa, inakauka, inavutika, inafuliwa, inapelekwa kwa fundi cherehani.

Kuna watu ambao hawapaswi kufika hata kwenye kutafuta tatizo. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani asiivae. Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye saratani, au mwenye damu iliyoganda mguuni (mguu umevimba, una joto, unauma upande mmoja) aonane na daktari kwanza. Kiraka kisikae mbele ya shingo wala juu ya kidonda. Na usiwahi kuichaji nguo ikiwa mwilini. Itoe, chomoa kisanduku, ndipo uchaji.

Haisikiki kabisa

Gawa tatizo mara tatu: kisanduku, njia ya uzi, ngozi. Kisanduku ndicho rahisi. Kama kina matundu ya waya za kawaida, kichomekee viraka vya gundi, vibandike kwenye mkono wako mzima, anza sifuri na panda polepole. Ukisikia msisimko, kisanduku ni kizima, kiache. Usipousikia, chaji kwa saa kamili kutoka chanzo unachokiamini, kwa sababu umeme wa mgao na chaja za kuazima huacha betri nusu bila mtu kujua.

Kisha vifungo. Geuza nguo ndani nje, uangalie mahali kifungo kinapokutana na uzi. Jasho huweka kutu ya kijani au weusi pale. Futa kwa pamba yenye spiriti, kausha, bonyeza hadi usikie kinaita "ta". Kifungo kinacholegea kinaweza kushika ukiwa umekaa na kuachia ukisimama.

Sasa njia ya uzi. Hapa tafuta multimita, kile kifaa cha kupimia umeme ambacho fundi wa simu yeyote wa mtaani anacho. Weka kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Ncha moja kwenye kifungo, nyingine kwenye kiraka chake. Usitegemee sifuri kama kwenye waya wa shaba, kwani uzi wa fedha unaweza kuonyesha makumi ya omu, hata mamia kwenye njia ndefu. Nambari yenyewe si muhimu kuliko tabia yake. Shika nguo, ivute kama inavyovutika mguuni, na uangalie kioo. Ikipanda kidogo na kurudi, ni sawa. Ikiruka ghafla au kioo kikionyesha kwamba njia imekatika, kuna uzi uliokatika ndani, na huo hukatika zaidi nyuma ya goti na mbele ya kifundo, mahali nguo inapokunjwa maelfu ya mara. Kwa hiyo nawaomba wote wanaopata nguo mpya: ipime siku ya kwanza, andika nambari kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na chaja. Baada ya miezi sita karatasi hiyo itakuambia kitu ambacho macho hayawezi.

Pima pia kati ya viraka viwili nguo ikiwa kavu na haijavaliwa. Hapo hutakiwi kupata njia yoyote. Mama mmoja wa Walukuba alikuja na soksi ya mumewe. Mguu ulikuwa umekonda baada ya kiharusi, soksi ikawa inateleza, basi akaipeleka kwa fundi ipunguzwe. Fundi alifanya kazi safi, mshono umenyooka kabisa. Lakini nilipoigeuza nikaona mstari mmoja mweusi mwembamba umekunjwa ndani ya mshono ukagusana na mstari wa pili. Multimita ikasema omu 40 kati ya viraka viwili ambavyo havikutakiwa kujuana. Umeme ulikuwa unazunguka ndani ya kitambaa bila kufika kwenye msuli. Tulifumua mshono sentimita tatu tu, tukatenganisha mistari, tukashona upya kwa mkono kando yake. Ukipeleka nguo hizi kwa fundi, mchoree kwa chaki mistari ya umeme kwanza, umwambie sindano isivuke hapo.

Inachoma, inauma kama siafu

Afande mmoja mstaafu wa Bugembe aliniambia hivyohivyo: "Daktari, hii kitu inaniuma kama siafu." Alikuwa ametoka kiwango cha 20 hadi 45 ndani ya wiki moja na mguu hauinuki. Nikapitisha kidole kwenye ugoko wake, kikateleza.

"Mzee, leo umejipaka mafuta?"

"Sasa nitoke nyumbani miguu imepauka?"

Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa nguo za umeme Uganda. Mafuta ya mgando, glisirini nzito, siagi ya shea kule kaskazini: vyote hufanya utando juu ya ngozi na kuzuia umeme. Kisanduku kizuri hulazimisha kiasi kilekile cha umeme kipite kwa kuongeza msukumo, na umeme hutafuta tundu palipo na mafuta kidogo, ukapita hapo wote. Tuliosha ugoko kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tukasuuza, tukalowesha viraka. Kwa kiwango cha 22 mguu ukainuka. Alinyamaza akiuangalia, kisha akauinua tena. Sasa anajipaka mafuta jioni, baada ya mazoezi, na miguu yake haijapauka.

Nieleze kwa nini sehemu ndogo ni hatari, maana hesabu yake haina ugumu. Chukua kiraka cha sentimita 5 kwa 5, yaani sentimita 25 za mraba. Pigo la miliampea 40, mikrosekunde 300 kwenda na 300 kurudi, mara 35 kwa sekunde, wastani wake kwa kipimo cha RMS (hesabu ya mafundi umeme inayojumlisha nguvu ya pigo na muda wake) ni kama miliampea 5.8. Ukigawa kwa 25 unapata takriban miliampea 0.23 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ngozi inaivumilia vizuri. Kiraka kikinyanyuka, kikagusa sentimita 3 tu za mraba, umeme uleule unakuwa 1.9. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, IEC 60601-2-10, huhesabu kuwa kupita 2 kunahitaji tahadhari maalumu. Yaani hujagusa kitufe, na bado umefika mpakani kwa sababu tu soksi imelegea.

Basi angalia haya kwa pamoja. Je, kiraka kinalala bapa, au pembe imenyanyuka kwenye bonde kati ya mfupa wa ugoko na msuli? Mguu uliokonda huacha bonde kubwa, na kipande cha sponji laini kikiwekwa juu ya kiraka, upande wa nje, hukisukuma kilale. Je, kitambaa kimelika? Fedha ikichakaa, nailoni ya kijivu au nyeupe huchungulia. Weusi peke yake usikutishe sana, maana fedha hubadilika rangi kama kijiko cha zamani na huendelea kupitisha umeme. Mahali palipobaki nailoni tupu ndipo hapapitishi kitu, na kiraka cha hivyo kinahitaji kubadilishwa. Je, kuna nywele nyingi? Punguza kwa mkasi. Usinyoe kwa wembe siku hiyohiyo, kwa kuwa mikwaruzo midogo huuma vibaya.

Kuhusu ngozi yenyewe nina neno, nalo nalisema kwa uchungu kidogo. Maelekezo mengi yanayokuja na nguo hizi yanasema "angalia wekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Ngoja dakika kadhaa baada ya kuvua, kisha weka mgongo wa mkono wako pale na ulinganishe joto na mguu wa pili. Tafuta mahali pameng'aa, pamekuwa peusi zaidi au pa zambarau, pamevimba kidogo, au panauma ukibonyeza. Joto linaloisha ndani ya saa moja si kitu. Alama inayobaki hadi kesho, au lengelenge, maana yake acha kutumia mahali hapo hadi papone kabisa. Mwasho unaofuata umbo la kifungo huenda ni mwili kukataa nikeli iliyomo kwenye chuma, na kitambaa cha pamba chini ya kifungo kinatosha.

Kama mgonjwa ana kisukari, au alipata ukoma, au kiharusi kimemwondolea hisia, usimuulize "inauma?" tu. Mguse kwa pamba akiwa amefumba macho, kisha kwa kitu baridi. Asiyejua umemgusa wapi hataweza kukuambia anaungua, kwa hiyo macho na mkono wako vifanye kazi hiyo, kila dakika tano.

Inaanza vizuri, kisha inachoma au inafifia

Kama inachoma baada ya dakika 15 hivi, kiraka kimekauka. Nguo nyingi za aina hii hazina jeli na zinategemea unyevu. Msimu wa kiangazi, Desemba hadi Februari, au ukikaa chini ya feni, maji huondoka haraka. Simamisha, lowesha upya, endelea. Maji ya bomba au ya kisima yanafaa kuliko ya mvua, kwa sababu ya mvua yana chumvichumvi kidogo mno na hayapitishi umeme vizuri. Mwenye tangi la mvua pekee atie punje chache za chumvi kwenye kikombe, na asuuze nguo baada ya kutumia, kwa kuwa chumvi ikikaa hula vifungo.

Lakini usizidishe. Nguo inayodondosha maji hutengeneza daraja kati ya viraka, umeme ukapita juu juu, msuli ukanyamaza kama kwa ile soksi iliyoshonwa. Kiraka kiwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na sehemu iliyo kati ya viraka iwe kavu.

Kama haichomi bali kuinuka kwa mguu kunapungua kila mara, huo ni uchovu. Umeme huamsha nyuzi zilezile za msuli kwa pamoja, bila zamu ambazo ubongo huzipanga, ndiyo maana msuli huchoka mapema. Shusha mapigo hadi 25 au 30 kwa sekunde. Sekunde 10 za kukaza zifuatwe na 30 za kupumzika. Wiki ya kwanza dakika 10 hadi 15 zinatosha. Wanafamilia hupenda kuacha ikifanya kazi wakati wote wa taarifa ya habari, wakidhani muda mrefu ndio uponyaji. Msuli uliochoka haujifunzi kutembea.

Mguu unainuka, lakini vibaya

Papasa upande wa nje wa goti, chini kidogo. Utakuta kinundu cha mfupa. Nyuma na chini ya kinundu hicho hupita neva inayoinua wayo, na kiraka cha juu kinatakiwa kuwa karibu nayo. Kiraka cha pili kikae kwenye msuli wa mbele, pembeni ya mfupa wa ugoko.

Wayo ukipinda ndani wakati wa kuinuka, msuli wa mbele unafanya kazi peke yake: sogeza kiraka cha juu kuelekea nyuma, karibu na neva. Ukipinda nje kupita kiasi, kirudishe mbele. Ukishuka chini badala ya kupanda, umeme umefika kwenye shavu la mguu, basi zungusha soksi nzima kwenda mbele. Sogeza sentimita moja tu kila mara na ujaribu upya. Ukipata mahali pazuri, weka alama ya kalamu kwenye ngozi na uzi wa rangi kwenye ukingo wa soksi, ili kesho vilingane. Kwa soksi hizi nimeona uzi huo mwekundu ukiokoa muda kuliko programu yoyote ya simu.

Ikiwa mguu unainuka kwa kuchelewa, tazama viatu. Nguo zenye kihisio cha kisigino hupimwa mtu akiwa na kiatu fulani. Akibadilisha akavaa kandambili, sapatu zetu hizi, kisigino hugonga kwa namna nyingine. Pima upya kwa kiatu anachokivaa kweli.

Mguu ukitetemeka au ukikakamaa wote mara umeme unapoingia, unaingia ghafla mno. Ongeza muda wa kupanda hadi sekunde mbili au tatu.

Imeharibika baada ya kufuliwa

Osha kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo isiyo kali, na usuuze hadi povu liishe kabisa. Jiki hapana, hata tone. Usisugue kwenye jiwe, usikamue kwa kusokota. Ibonyeze kati ya taulo mbili.

Shida kubwa inakuja wakati wa kuanika. Sote tunajua kwa nini nguo Uganda hupigwa pasi: nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Kwa hiyo mtu mwenye busara huchukua pasi ya makaa na kuipitisha juu ya soksi ya umeme, na plastiki inayolinda njia za uzi huyeyuka. Wote wawili wana haki, anayeogopa funza na anayelinda soksi. Suluhisho ni kuianika ndani ya nyumba, kivulini, ndani ya chandarua kilichofungwa vizuri, hadi ikauke kabisa. Nzi asipoifikia, pasi haina kazi. Hii nasisitiza zaidi kwa wasio na hisia miguuni, maana funza atakaa siku nyingi bila wao kujua.

Simu haikioni kisanduku

Kwa kisanduku kinachoendeshwa kwa simu: zima hali ya kuokoa betri kwenye simu, washa bluutuuthi upya, sogea mbali na simu nyingine iliyowahi kuunganishwa. Mara nyingi inatosha.

Kichwa kinagonga, jasho linatoka usoni

Hili si la nguo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kifuani juu au shingoni, kama vijana wengi wa ajali za boda boda, akianza kuumwa kichwa cha kugonga, kutoka jasho usoni, au kuona ukungu wakati wa umeme, presha yake inapanda kwa hatari. Zima. Mketishe wima, miguu chini. Legeza kila kinachobana, angalia kama mpira wa mkojo umeziba au kibofu kimejaa. Isiposhuka kwa dakika chache, hospitali mara moja.

Kila kitu ni kizima, na msuli bado kimya

Nguo imepimwa, ngozi ni safi, kiraka kipo mahali pake, mtu anausikia umeme, na wayo hauchezi hata kidogo. Hapo uliza swali ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo: ugonjwa ulianzaje?

Kwenye kiharusi, neva inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni bado ni hai. Pigo fupi linaiamsha neva, neva inauamsha msuli. Lakini kama neva yenyewe imekatika au imekufa, pigo la mikrosekunde 300 halina wa kumwamsha. Msuli usio na neva unahitaji pigo refu mara mamia, na nguo hizi hazikutengenezwa kwa hilo.

Hapa Uganda sababu moja ya neva kufa tunaijua vizuri mno: sindano iliyochomwa takoni kwa mtoto mwenye homa, ikaigusa neva kubwa ya nyuma ya paja. Wilaya iitwayo Kumi, mashariki mwa nchi, imeandikwa kwa watoto waliopooza mguu au kukakamaa makalio kwa njia hiyo, nyingi zikiwa sindano za kwinini. Mama hukumbuka siku yenyewe: "Aliingia anatembea, akatoka anaburuta." Ukisikia hivyo, usiongeze umeme kwa mtoto huyo. Atalia bure.

Anachohitaji ni kupimwa neva kwenye hospitali ya rufaa, na wakati huohuo wayo usiachwe uning'inie ukakakamaa. Karakana za hospitali ya Mulago, Kampala, na za hospitali ya CoRSU kule Kisubi, hutengeneza kifaa cha plastiki cha kushika kifundo. Mama amnyooshe mtoto kifundo asubuhi na jioni, goti likiwa limenyooka, akisukuma wayo kuelekea ugoko na kuushikilia nusu dakika, mara kumi. Neva ikiwa na uwezo wa kukua tena, hukua kama milimita moja kwa siku. Kutoka takoni hadi juu ya ugoko wa mtoto ni kama sentimita 30, yaani karibu miezi 10. Andika tarehe ya sindano kwenye daftari la kliniki, hesabu kutoka hapo, na uijaribu soksi tena wakati huo, kwa kiwango cha chini kabisa, ukiwa umeweka vidole juu ya msuli kusubiri mtikisiko wake wa kwanza.